Je, Huzuni ya Mzazi ni Upungufu wa Imani?

Katika lugha yetu ya Kiswahili mwanamke aliyejifungua karibuni huitwa mzazi, na siku zake arobaini za kwanza huhesabiwa kuwa siku za furaha. Jamaa huja na kuku na sabuni na kanga; mtoto huombewa dua na kupewa jina; na kila aingiaye mlangoni husema: Hongera! Lakini wako wazazi ambao hongera hiyo huwaangukia kama mzigo. Hulia wala hawajui kwa nini wanalia. Hukosa usingizi hata mtoto anapolala. Humtazama mtoto waliyemwomba kwa Mwenyezi Mungu miaka mingi, na nyoyoni mwao hawaoni kitu ila woga. Ukiwauliza wana nini, hujibu kwa neno moja tu: "Mawazo."

Swali tunalotaka kulichunguza ni hili: Je, mwanamke wa namna hiyo amepungukiwa na imani? Ndugu msomaji asidhani kwamba swali hili ni dogo. Jibu lake ndilo linaloamua kama tutamkemea au tutamsaidia.

Kosa langu mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni katika kijiji kimoja juu ya Soni, katika wilaya ya Lushoto. Mama mmoja mtu mzima alinijia akasema: "Shehe, njoo umwombee mkaza mwanangu. Ana wiki ya tano tangu kujifungua, na hasemi na mtu." Mume alikuwa Dar es Salaam, alikokwenda na lori la kabichi, na hakuwa ameleta habari. Mke alikuwa amepanda na kushuka miteremko ile na mzigo wa kuni kichwani mpaka mwezi wa nane wa mimba yake.

Nilikaa kizingitini nikatoa mawaidha. Nikamkumbusha wanawake walionyimwa watoto. Nikamwambia kwamba anayemwamini Mungu hakati tamaa, na kwamba imempasa kushukuru. Alinisikiliza kwa adabu, macho yake chini, kisha akasema: "Nashukuru, baba. Lakini nashukuru kwa mdomo tu, moyo haunifuati."

Nikaomba dua, nikaondoka, nikidhani nimetimiza wajibu wangu. Siku ya pili nikaambiwa kwamba usiku ule alimwuliza mkwewe ni nani angemlea mtoto kama yeye asingekuwapo. Ndipo nilipofahamu nilichokuwa nimefanya. Kabla sijafika, mwanamke yule alijiona mama mbaya. Nilipoondoka, alijiona mama mbaya na tena mwumini mbaya. Nilikuwa nimemwongezea mzigo wa pili.

Aliyemsaidia hakuwa mimi. Alikuwa bibi mmoja jirani, Mkristo wa Kilutheri, ambaye hakutoa mawaidha yo yote. Alimchukua mtoto akamweka mgongoni. Akachemsha maji akamkanda mzazi, akampikia uji, akamwambia: "Lala, mwanangu. Mtoto akitaka ziwa nitakuamsha." Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, na siku nyingi baadaye. Akamweleza kwamba yeye pia, baada ya mtoto wake wa tatu, alipita katika giza lile lile akatoka. Kisha akamshika mkono wakaenda pamoja hospitali. Kidogo kidogo, si kwa siku moja, mzazi yule akarudi kuwa mtu wa kusema na kucheka.

Basi nikajiuliza: Kati yangu na bibi yule, ni nani aliyetenda kama dini inavyotaka?

Wanayotufundisha waliotutangulia

Nilipoirudia Kurani Tukufu na swali hilo moyoni, niliona jambo ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila ya kuliona. Bibi Mariamu, ambaye Kurani inamtaja kuwa mteule wa Mwenyezi Mungu, alipofikiwa na utungu akiwa peke yake penye shina la mtende, alitamani kwamba laiti angalikuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Haya yamo katika sura inayoitwa kwa jina lake. Je, alikemewa? La hasha! Aliambiwa asihuzunike, na papo hapo akaonyeshwa maji ya kunywa na tende mbivu za kula. Na tena akaagizwa asiwajibu wale watakaokuja kumhoji. Yaani alipewa chakula, akapewa kinywaji, akakingwa na ndimi za watu.

Mtazame pia mama yake Nabii Musa a.s. Mwenyezi Mungu mwenyewe alimfunulia la kufanya, akamwahidi kwamba mtoto atarudishwa kwake, na akamwambia asiogope. Hata hivyo Sura Al-Qasas inaeleza kwamba moyo wake ulibaki mtupu, na kwamba alikuwa karibu kuifichua siri kama Mungu asingeutia nguvu moyo wake. Basi ikiwa mwanamke aliyefunuliwa na Mungu aliweza kufikiwa na hali hiyo, nani atathubutu kusema kwamba moyo mtupu ni alama ya kukosa imani? Na angalia jinsi alivyofarijiwa: binti yake alimfuata mtoto kwa mbali, akasema na watu wa Firauni, na mtoto akarudishwa kifuani mwa mama. Rehema ya Mungu ilipitia katika miguu na ulimi wa ndugu.

Msomaji Mkristo atakumbuka habari za Nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Mazungumzo juu ya kazi yake yalikuja baadaye, mwili ulipokwisha kupata nguvu.

Kwa hiyo vitabu vinakubaliana. Huzuni kubwa inaweza kumpata aliye karibu na Mungu, na jambo la kwanza analohitaji si mahubiri. Wala Sheria haikusahau udhaifu wa mama. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wameruhusiwa kuacha kufunga wanapohofia madhara, na mwenye nifasi ameondolewa Sala. Ikiwa Mwenyezi Mungu amemsamehe mzazi nguzo hizi kwa muda wake, sisi tumepata wapi haki ya kumdai uso wa furaha?

Je, haya ni maradhi ya Wazungu?

Wengine husema kwamba bibi zetu walizaa watoto kumi na hawakujua mambo haya. Kwamba ni desturi za Ulaya. Jibu ni kwamba bibi zetu waliyajua, ila waliyaita kwa majina mengine. Katika miaka ya 1970 daktari mmoja Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Makerere, Uganda, akawachunguza wanawake wenye mimba na waliojifungua katika vijiji vya Buganda. Aliona huzuni na hofu ile ile inayoonekana Ulaya. Tena alikuta kwamba Waganda wana jina la wazimu unaompata mzazi, amakiro, na kwamba wengi waliamini unatokana na uzinifu wa mke au mume wakati wa mimba. Daktari huyo huyo, pamoja na wenzake, ndiye aliyetoa mwaka 1987 maswali kumi mepesi ya kumpima mzazi, yanayojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh, na ambayo leo hutumiwa nchi nyingi, hata hapa Tanzania. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wanawake wapatao 16 katika kila 100 hupatwa na maradhi ya nafsi, hasa sonona, wakati wa mimba, na wapatao 20 katika kila 100 baada ya kujifungua. Basi katika kila nyumba tano zenye mtoto mchanga, huenda moja ina mama anayelia kwa siri.

Tazama pia jinsi imani ile ya amakiro inavyoweza kumziba mtu kinywa. Mgonjwa akisema anaumwa, amejishtaki uzinifu! Wala tusiwacheke Waganda. Kwetu sisi husemwa kwamba amerogwa, ana shetani, au amemchukia mtoto. Katika nchi zetu, Usambara ikiwemo, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego akahesabiwa kuwa nuksi. Na masimulizi yanasema kwamba Mbega, aliyeanzisha ufalme wa Wakilindi katika milima hii, alikuwa kigego. Aliyedhaniwa kuwa balaa ndiye aliyekuja kuwa mfalme! Lakini ni mama wangapi waliohesabu meno ya watoto wao kwa hofu, usiku, bila ya mtu wa kumwambia?

Aidha wako wanaomlaumu mke kwa kuzaa wanawake watupu. Kurani Tukufu, katika Sura An-Nahl, imekwisha mwaibisha mtu ambaye uso wake hugeuka mweusi anapopewa habari ya binti. Na elimu ya leo imethibitisha kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa mume au mke. Anayemnunia mkewe kwa sababu hiyo amemwadhibu mtu asiye na hatia, tena katika siku ambazo ni dhaifu kuliko siku zake zote.

Wajibu ni wa nani?

Wazee wa Kishambaa walikuwa na maneno mawili katika kuihukumu serikali ya mfalme wao: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mvua ikinyesha na chakula kikapatikana, walisema mfalme ameiponya nchi. Njaa ikiingia, hawakuliambia shamba livumilie. Walimwuliza mwenye mamlaka juu yake. Nadhani hekima hiyo yatufaa hapa. Mzazi anaponyauka, tusianze kumwuliza yeye kwa nini hachanui. Tuwaulize wale wenye mamlaka juu ya maisha yake wamemfanyia nini.

Wa kwanza kuulizwa ni mume. Mwenyezi Mungu, katika Sura Al-Baqara, amemwajibisha baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, amekataza mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mtoto wake, na hata kumwachisha mtoto ziwa amekufanya kuwa jambo la kushauriana wote wawili. Uchunguzi uliofanywa Moshi kwa wanawake zaidi ya 1,000, ukatangazwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba waliopigwa au kudhulumiwa na waume zao wakati wa mimba walipatwa na sonona baada ya kujifungua zaidi ya wenzao. Basi anayeinua mkono juu ya mke mwenye mimba, kisha akaja kuuliza kwa nini mke analia, ni kama aliyechoma nyumba akauliza moshi unatoka wapi. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba ubora wa mtu hupimwa kwa wema wake kwa ahali zake, na mkewe Bibi Aisha alisimulia kwamba alipokuwa nyumbani alisaidia kazi za nyumba. Nani kati yetu ni mtukufu kuliko yeye hata aone haya kuteka maji?

Wa pili ni jamaa na majirani. Desturi ya arobaini ilikuwa na hekima kubwa: mzazi alipumzishwa, akakandwa, akapikiwa, asiachwe peke yake. Leo vijana wengi wamehamia mijini mbali na mama zao. Na hapa milimani, wanaume wanapokwenda Tanga na Dar es Salaam kutafuta fedha, shamba na kuni na maji humbakia mwanamke mmoja. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 ilimpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84. Mkulima wa Mlalo au Mtae hana mwajiri wa kumpa likizo hiyo. Likizo yake ni majirani zake. Wasipompa wao, hapewi na mtu.

Wa tatu ni jamaa za dini, za misikiti na makanisa. Mzazi yuko katika siku ambazo haji kusali na wenziwe. Kwa hiyo wenziwe wamwendee yeye. Mtume Mtukufu s.a.w. alipomsikia mtoto akilia katika jamaa alifupisha Sala, kwa kuwa alijua moyo wa mama unavyosumbuka. Kama aliweza kufupisha ibada kwa ajili ya mama mmoja, sisi twaweza kurefusha ziara zetu.

Kuzuia kabla ya kuponya

Lililo jema zaidi ni kwamba maradhi haya huweza kuzuiwa. Mwaka 2024 ilitangazwa kazi iliyofanyika Rawalpindi, Pakistan, kwa wanawake wenye mimba waliokuwa na dalili za wasiwasi. Wengine waliendelea na huduma za kawaida za kliniki, na wengine walikutana mara sita na washauri waliofundishwa, ambao hawakuwa madaktari, wakajifunza kuzitambua fikira zinazowaangusha na kuzijibu kwa fikira zilizo sawa. Baada ya kujifungua, waliopatwa na sonona katika kundi la kwanza walikuwa 41 katika 100. Katika kundi la pili 12 katika 100. Nchini mwetu pia, huko Dar es Salaam, ilionekana kwamba wanawake wenye mimba waliokutwa na virusi vya UKIMWI walifaidika kwa kukutanishwa pamoja na kuzungumza katika vikundi. Haya si mambo ya gharama kubwa. Kinachotakiwa ni mtu aliyefundishwa kusikiliza, na saa chache.

Kwa hiyo yapasa tuanze mimba ingali tumboni. Mke aulizwe habari za moyo wake kama anavyopimwa uzito na damu. Aliyewahi kupatwa na hali hii, aliyefiwa, aliyeachwa, aliye msichana mdogo, aliyepoteza mtoto zamani, hao waangaliwe zaidi. Mume ajue mapema siku za hatari. Apangwe mtu wa kumshika mtoto ili mama apate usingizi, maana kukosa usingizi huwaangusha hata wenye nguvu.

Pia tupambanue. Machozi ya siku chache baada ya kujifungua huwapata wengi, nayo huisha yenyewe. Yakizidi majuma mawili, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Ziko dawa, na nyingine huweza kutumiwa na anayenyonyesha kwa shauri la daktari. Na kama anazungumza habari za kufa, au za kumdhuru mtoto, au anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe siku hiyo hiyo. Milima hii ya Usambara si migeni katika kazi hiyo: pale Lutindi, palipoanzishwa mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, wagonjwa wa akili walianza kutunzwa tangu mwaka 1904.

Mtu ataniuliza: Je, basi dua haina kazi? Inayo, tena kubwa. Lakini Mtume Mtukufu s.a.w. alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Anayemwombea mzazi na hamwinulii ndoo ya maji amemwacha ngamia wake huru. Mwenye huzuni akiweza kuomba, dua itamfariji. Akishindwa, tumwombee sisi, wala tusimhesabie kushindwa kwake kuwa dhambi. Ameonewa na maradhi. Hakumkimbia Mola wake.

Na sasa narudi kwenye swali langu. Nilipoingia nyumba ile juu ya Soni, nilikuwa nimekuja kuipima imani ya mwanamke yule. Leo naona kwamba imani iliyokuwa ikipimwa siku ile ilikuwa yangu, na ya mume aliyekuwa mbali, na ya kila jirani aliyepita mlangoni akasema hongera akaenda zake. Huzuni ya mzazi si upungufu wa imani yake. Lakini mzazi anapoachwa peke yake na huzuni yake, hapo upungufu wa imani upo, nao ni wa sisi tuliomwacha.

Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kuwaona wanaolia kimya, na mikono isiyoona haya kuwatumikia. Amin.